Msaidizi uliyemchagua mwenyewe

Huko Mwabungo, Kwale, aliyepooza huweza kuuguzwa na mpwa au jirani aliyemtaka mwenyewe. Ni vyema, kwani haoni haya kumwambia, "Nigeuze, nimechoka." Lakini mapenzi pekee hayatoshi. Asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku. La sivyo damu haifiki vyema kwenye ngozi ya makalio na visigino, na kidonda huanza. Dalili ni wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwa ngozi nyeusi, yaani wengi wetu, tazama weusi uliozidi au joto. Mahali hapo pasilaliwe wala kusuguliwa. Ngozi ikichubuka, nendeni hospitali ya Msambweni mapema. Sh2,000 za Inua Jamii kwa mwezi hazitoshi kumwajiri msaidizi wa usiku, hivyo jamaa wapeane zamu.