Trefli nyekundu kwetu Uvira: tuchukue mbegu yake ama akili yake?



Kuna swali linarudi kila mara wakulima wanapokaa pamoja na agronomi: yale majani ya Ulaya yenye maua mekundu, yanayonenepesha ngombe na kurudisha nguvu ya udongo, tunaweza kuyapanda huku kwetu? Yanaitwa trefli nyekundu, kwa jina la kisayansi Trifolium pratense. Jibu langu fupi ni hili: bondeni hapana, kule juu milimani labda, lakini akili iliyo ndani ya trefli inatufaa kila mahali, toka Makobola mpaka Luvungi. Acha nieleze polepole.

Trefli ni ndugu ya maharagi, soya na karanga. Mimea ya jamii hii inafanya kazi pamoja na bakteria wanaokaa kwenye mizizi yake, ndani ya vinundu vidogo. Bakteria hao wanachukua azoti ya hewani, ile ambayo mahindi na muhogo haviwezi kuichukua vyenyewe, na kuigeuza chakula cha mmea. Ukitaka kuona, ngoa mche mmoja wa maharagi unapoanza kutoa maua, kata kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe ama cha kijani, mmea unakula udongo wako tu kama wengine.

Kwa nini Wazungu waliipenda trefli hivi? Zamani mkulima wa Ulaya alikuwa anaacha sehemu ya shamba lake ipumzike bila kupandwa kitu, juu ya udongo kuchoka. Kule Flandre, Ubeljiji ya leo, na baadaye Uingereza, katika miaka ya 1600 na 1700 walianza kupanda trefli mahali pale pa kupumzikia. Ngombe wakapata chakula, mavi yakaongezeka, ngano ya mwaka uliofuata ikatoka vizuri. Walifanya hivyo muda mrefu bila kujua sababu. Ni mwaka 1886 tu mwanasayansi Mjerumani, Hermann Hellriegel, ndipo alionyesha kwamba siri iko kwenye vile vinundu.

Sasa turudi kwetu. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya bonde la Ruzizi haifiki mita 1,000. Joto ni kali, na toka Juni mpaka Septemba mvua haionekani. Trefli nyekundu ni mmea wa baridi na wa udongo wenye unyevu. Ukiipanda Sange ama Kiliba, unatupa franga zako.

Kule juu, Bijombo ama Minembwe, baridi ipo. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, trefli haipendi udongo wenye asidi, na udongo wa milimani mara nyingi ni wa asidi. Inaomba chokaa, na chokaa kuipandisha kule ni safari. Pili, trefli inataka bakteria wake maalum. Milima ya Afrika Mashariki iko na trefli zake za asili, lakini bakteria wa trefli hizo mara nyingi hawapatani vizuri na trefli ya Ulaya. Basi mtu anapanda, majani yanakuwa manjano, anasema mbegu ilikuwa mbaya, kumbe bakteria njo hawakuwepo. Tatu, ngombe mwenye njaa akiingia ghafla kwenye trefli mbichi, tumbo linajaa gesi na anaweza kufa siku ileile.

Njo maana nasema tuchukue akili, tuache mbegu. Ndugu za trefli wanaopenda nchi zetu wapo, na wawili nawataja hapa.

Wa kwanza ni desmodiumu. Inatambaa na inafunika udongo kama blanketi, na inafaa zaidi kwenye miteremko na milima ya kati, upande wa Lemera, ambako mvua inatosha. Ngombe wakiila hawavimbi tumbo. Kando ya ziwa Victoria, nchini Kenya, watafiti wa ICIPE walianza kuipanda katikati ya mistari ya mahindi katika miaka ya 1990, na waliona inafukuza wadudu wanaotoboa mabua, tena inapunguza striga, lile jani la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Uzuri mwingine: hauhitaji kununua mbegu kila mara. Unakata vipande vya shina, unapanda kama unavyopanda viazi vitamu.

Wa pili ni stilosantesi. Huyu anavumilia joto, jua la bondeni na udongo maskini. Hapendi maji yanayosimama, basi usimpeleke kwenye mashamba ya mpunga. Wakati wa kukata, acha sentimita 20 juu ya ardhi ama zaidi. Ukinyoa chini kabisa, hachipui tena.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Azoti haitoki kwenye mmea mmoja na kuingia mwingine hivihivi. Ni lazima majani na mizizi vioze kwenye udongo, ama mavi ya mnyama yarudi shambani. Ukikata majani kila wiki, ukauza, na usirudishe kitu, baada ya miaka michache udongo utakuwa umechoka kuliko mwanzo, kwa sababu fosfori na potasi vinaondoka pamoja na kila mzigo.

Hapa ndipo swali la majani linakuwa swali la amani. Wote tunajua inavyokuwa wakati wa kiangazi. Majani ya milimani yanakauka, ngombe wanashuka bondeni. Mahindi yameshavunwa, lakini muhogo bado uko ardhini, maana unakaa mwaka mzima ama zaidi. Ngombe anaingia, sombe inaliwa, mkulima anakasirika, na ugomvi wa shamba moja unageuka ugomvi wa makabila. Hatutamaliza tatizo hilo kwa mmea. Kuna mambo ya ardhi, ya sheria na ya usalama ndani yake. Lakini mfugaji anakosa chakula cha kiangazi, mkulima anakosa mbolea, na kila mmoja anacho kile mwenzake anachokosa. Mkulima mwenye majani yaliyokatwa mwezi wa Mei, yakakaushwa na kuwekwa mahali pakavu, anaweza kuyabadilisha kwa mavi ama kwa maziwa. Hayo ni mapatano ambayo wazee wa pande zote mbili wanaweza kuyasimamia.

Kuna pia milima iliyo juu ya mji wetu. Tunakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, ikachukua watu na nyumba. Majani peke yake hayazuii mto. Lakini mstari wa matete na desmodiumu unaokata mteremko unapunguza mbio za maji na kushika udongo, na unalisha mbuzi wakati huohuo.

Ukitaka kujaribu, usianze na shamba zima. Mvua ya Septemba ikianza, chukua mita 10 kwa 10, ama mstari mmoja wa mpakani. Lima vizuri, maana mbegu hizi ni ndogo sana. Changanya na mchanga mkavu ili zienee sawa, na usizifunike zaidi ya sentimita moja. Palilia miezi miwili ya kwanza bila uvivu, usiingize mnyama mpaka mizizi ishike. Wakati wa kulisha, changanya na matete: sehemu moja ya mikunde kwa sehemu mbili za matete inatosha. Kwa mbegu na vipande vya kupanda, mahali pa kwanza pa kuulizia ni kituo cha INERA Mulungu, ama jirani aliyekwisha kupanda.

Na mtu akikuletea kifuko chenye picha ya maua mekundu, muulize swali moja tu kabla ya kutoa franga: mmea huu unapenda mita ngapi juu ya bahari?