Jani Moja, Maana Mbili

Aghalabu mtu akiona jani limelegea mjini Lodwar hukimbilia jagi la maji. Hatumlaumu: katika mji ambao mvua ya mwaka mzima ni takribani milimita 200, kila ugonjwa wa mmea hudhaniwa kuwa kiu. Lakini mimea nayo, kama lugha zetu, ina ishara za sura moja na maana mbalimbali.

Tutazame waridi la jangwani, mmea wa shina lililovimba chini kama kibuyu, ambao asili yake ni nchi kavu za Afrika na Uarabuni. Mwalimu mmoja wa Lodwar alinunua mche wake Nairobi, ukiwa katika udongo mweusi wa mboji, akauweka ofisini mbali na dirisha. Haukupita muda majani yakageuka manjano, yakaanza kupukutika. Akaongeza maji; yakazidi kupukutika.

Mzizi uliokosa maji hauwezi kulilisha jani, na mzizi uliooza kwa maji hauwezi vilevile. Huko juu jani hulegea kwa namna ile ile. Basi anayetafuta ukweli na aliache jani, alibonyeze shina. Likiwa limesinyaa na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Likibonyea kama embe lililoiva kupindukia na udongo ungali chepechepe, huo ni uozo. Tena mmea huu hupukutisha majani kiangazi ili upumzike, shina likabaki gumu. Hapo si mgonjwa hata kidogo. Uliooza hung'olewa, sehemu mbovu zikakatwa kwa kisu safi, ukaachwa siku kadhaa kidonda kikauke, kisha ukapandwa katika mchanga wa chembe kubwa, ndani ya chungu chenye matundu, palipo na jua. (Utomvu wake ni sumu, na watu waliupaka mishaleni, mikono ioshwe.)

Hili halinihusu kama mkulima, maana mimi si mkulima. Linanihusu kwa sababu ya neno. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, niliwauliza wanafunzi habari za miche ya mwarobaini shuleni kwao. Mmoja ulikuwa umenyauka, wa pili umedumaa, wa tatu umeoza shingoni. Yote mitatu niliambiwa "imekauka", na yote mitatu ilikuwa ikimwagiwa maji yaliyopangiwa foleni bombani, madumu mkononi.

Sayansi huwafikia kwa Kiingereza. Kiswahili huachiwa methali na ngeli. Lakini kunyauka si kukauka: kilichonyauka chaweza kuinuka jioni, kilichokauka kimekwisha. Mwalimu wa Kiswahili asingoje mwenzake wa sayansi. Awatoe wanafunzi nje kipindi kimoja, wabonyeze mashina, watie vidole udongoni, ndipo waandike kitenzi. Na atakayeandika "umekauka" aulizwe: je, udongo ulikuwaje?