WAJIBU WA WAUZAJI WA PROGRAMU ZA KOMPYUTA

Wananchi wenye kutengeneza na kuuza programu za kompyuta wanakumbushwa kwamba programu huria si mali isiyo na mwenyewe. Leseni ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, haimkatazi mtu kuuza, wala haimpangii bei. Lakini aliyeichanganya kazi hiyo na yake, kisha akaisambaza, hulazimika kumpa mnunuzi maandishi asilia ya programu yote, au ahadi ya maandishi ya kumpatia, yenye kudumu miaka isiyopungua 3. Akikiuka, idhini yake ya kusambaza hukoma.

Mwaka 2003 kampuni ya Cisco iliinunua Linksys, yenye vifaa vya mtandao vilivyobeba programu za namna hiyo; wajibu nao ukaingia katika ununuzi. Mwezi wa Disemba 2008 taasisi ya Free Software Foundation iliishtaki Cisco huko Marekani. Mwaka 2009 wakapatana: Cisco ikakubali kuteua ofisa wa kusimamia leseni hizo, na kutoa mchango wa fedha.

Leseni za MIT na BSD ni nyepesi: zataka tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yasiondolewe. Hata hayo wapo wanaoyafuta, na faida yake haieleweki.

Muuzaji aandike orodha ya kila sehemu aliyoichukua, pamoja na leseni yake, kabla ya kutia saini mkataba wa mauzo.