JUMBA LA WARUMI LA CHEDWORTH

Wahenga hawakukosea waliposema tembea uone. Likizo iliyopita nilimtembelea shangazi yangu Uingereza, naye akanipeleka Chedworth, katika jimbo la Gloucestershire, kuona mabaki ya jumba la shambani la Warumi. Wacha niwaeleze niliyoyaona.

Warumi waliitawala Uingereza tangu mwaka 43 hadi karibu mwaka 410. Jumba hili lilianza kujengwa katika karne ya 2, likapanuliwa katika karne ya 4. Baadaye liliporomoka, msitu ukalifunika mpaka lilipofukuliwa mwaka 1864.

Kilichonishangaza kwanza ni sakafu. Imeinuliwa juu ya nguzo fupi fupi. Nje palikuwa na tanuri, na hewa ya moto ilipita chini ya sakafu kisha ikapanda ndani ya kuta. Hebu fikiria, chumba kizima kinapata joto bila moshi! Kuna pia vyumba vya kuogea, vya mvuke na vya joto kavu. Chemchemi iliyowapa maji ingali inatiririka.

Sakafu ya chumba cha kulia imepambwa kwa vijiwe vidogo vya rangi. Majira ya baridi yamechorwa kama mtu aliyevaa joho lenye kofia, ameshika sungura na tawi lisilo na majani. Huruhusiwi kuikanyaga ng'o! Unapita kwenye daraja juu yake, ndani ya jengo la ulinzi lililofunguliwa mwaka 2012.

Sasa sikilizeni. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba utawala wa Warumi ulipokwisha, maisha ya fahari kama haya nayo yalikoma. Lakini mwaka 2020 wataalamu walitangaza kuwa wamepima mkaa na mfupa kutoka msingi wa ukuta mmoja, wakagundua kuwa ukuta huo haukujengwa kabla ya mwaka 424. Sakafu ya nakshi ya chumba hicho iliwekwa baada ya ukuta. Kumbe watu waliendelea kupamba nyumba zao!

Ushahidi wenyewe ulikuwa mkaa na mfupa tu. Kama mawe yale yangebebwa kujengea kwingine, nani angejua? Husemwa yaliyopita si ndwele, lakini mimi naona yaliyopita yanahitaji mlinzi. Wanafunzi wenzangu, mkifika penye ukuta wa kale, msichore majina yenu, wala msibebe hata kijiwe.