Tusiite kila kitu ‘nguvu’ tunapofunza roboti kugusa

NENO ‘nguvu’ limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Hamali ana nguvu, stima ina nguvu, hata hoja ina nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku, si hoja. Lakini katika uhandisi wa roboti, neno hilo moja linaweza kumpoteza mwanafunzi.

Hebu tumtazame mteja sokoni Kombewa, Kaunti ya Kisumu. Kabla ya kununua ngege, humbonyeza kwa kidole. Nyama ikiinuka mara moja, samaki ni freshi. Shimo likibaki, huyo amelala. Tuseme twataka roboti ifanye kazi hiyo. Wahandisi huijaribu kwanza katika programu za uigaji wa kompyuta, kama vile Gazebo na MuJoCo.

Humo hakuna kinachogusana. Ni hesabu tupu. Kidole kikizama kidogo katika mwili wa samaki, programu huweza kuuchukulia mwili huo kama springi. Springi yenye ukakamavu wa nyutoni 500 kwa mita ikibonyezwa milimita 2, husukuma kwa nyutoni 1. Hiyo ni kani, na ndiyo inayopimwa na kihisi kilicho kwenye kifundo cha mkono wa roboti.

Vihisi vya mguso vilivyotandazwa kwenye ncha ya kidole huuliza swali jingine: kani hiyo imeenea wapi? Ikienea kwenye sentimita 1 ya mraba, ni paskali 10,000. Kwenye sentimita 4 za mraba, ni paskali 2,500 tu. Kani ni ile ile, mguso umebadilika. Wanaistilahi wetu walishakiundia kipimo hiki jina: kanieneo, yaani kani kwa eneo.

Isitoshe, springi tupu hurudi daima. Kwa springi hiyo, roboti itaona kila samaki ni freshi! Kiswahili kinatukumbusha kilichosahaulika: kidole hubonyeza, samaki hubonyea. Sharti mwigo uonyeshe pia mwili unaobonyea na kubaki hivyo.

Kwa maoni yangu, waandishi na walimu wa sayansi watumie kani, kanieneo na mguso kila kimoja mahali pake. Tukiita vyote ‘nguvu’, mwanafunzi hatajua ni kihisi kipi kimemdanganya.