Fahamu: Ubongo unahusikaje kidonda kinapopona?

Kwa ufupi
Ubongo haushoni ngozi; hiyo ni kazi ya damu na chembe za kinga. Lakini ukiwa na msongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga kortisoli. Homoni hiyo ikizidi kwa muda mrefu, kinga hupungua makali na kidonda huchelewa.

Tundu dogo kuliko punje ya mahindi
Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, walitoboa ngozi ya mkono ya wanawake 26. Tundu lilikuwa la milimita 3.5 tu. Wanawake 13 kati yao walikuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, kazi ya usiku na mchana isiyo na likizo. Vidonda vyao vilichelewa kufunga kwa siku 9 hivi kuliko vya wenzao.

Na dawa bandia?
Yaani vidonge visivyo na dawa yoyote ndani, ambavyo mgonjwa huamini ni dawa. Hivyo navyo huweza kutuliza maumivu kweli, kwa sababu ubongo hutengeneza vituliza maumivu vyake. Lakini kutulia kwa maumivu si kupona: mfupa uliovunjika bado unataka plasta, na kidonda chenye usaha bado kinataka matibabu.