Cinderella mnamjua. Moraa je?

Kama wewe ni shabiki wa fantasia, huenda umesoma *Cinder* ya Marissa Meyer, iliyotoka 2012. Cinderella humo ni fundi wa mitambo, mguu wake wa chuma. Noma! Lakini ndugu wa Grimm wa Ujerumani, ambao hadithi zao bado zinavunwa hivi, walianza kwa kuwasikiliza wasimulizi, ndipo wakachapisha mwaka 1812.

Sasa tazama kwetu. Milima ya Manga, Nyamira, inauchungulia mji wa Kisii kutoka juu, na huko ndiko iliko Ngoro ya Mwaga, shimo la masimulizi ya Abagusii. Halafu kuna Moraa wa Ng'iti, mganga na mtabiri, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemchochea Otenyo kumchoma mkuki afisa Mwingereza, Northcote, mwaka 1908. Riwaya ya vijana inataka nini zaidi?

Shida ni kwamba nyanya husimulia kwa Ekegusii, na sisi tuliolelewa Nairobi tunadaka neno moja kati ya matatu. Mimi huitikia "ee" hata nikiwa nimeachwa mbali. Krismasi hii nikifika ushago, simu itarekodi kwanza, TikTok baadaye. Kutafsiri, nitambembeleza shangazi.